Gesi ya Samadi: Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Methali hii huwaonya wafanyabiashara, lakini inamhusu pia mfugaji mwenye mtambo wa gesi ya samadi. Mitambo mingi iliyojengwa nchini Kenya katika miaka ya 1980 iliishia kuachwa. Kasoro za ujenzi na uhaba wa mafundi zilichangia, ila ipo sababu nyingine isiyotajwa sana: mapato yake yalihesabiwa nusu.

Mtambo wenyewe si mgumu kueleweka. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na maji kwa kiasi kinachokaribiana, kisha huingizwa katika shimo lililozibwa lisipitishe hewa. Humo, bakteria wasiohitaji oksijeni huyaozesha mabaki na kutoa gesi ambayo sehemu yake kubwa ni methani. Gesi hupelekwa jikoni kwa bomba, nalo tope husukumwa nje.

Hesabu huharibika panapo tope hilo. Mfugaji akilinganisha gharama ya mtambo na bei ya kuni pekee, huenda asione faida, hasa ikiwa kuni zenyewe huokotwa bure. Ilhali kinachotoka kwa wingi katika gesi ni kaboni na hidrojeni. Nitrojeni, fosforasi na potasiamu husalia katika tope. Isitoshe, sehemu ya nitrojeni hiyo hugeuka kuwa amonia, ambayo mimea huifaidi upesi. Mkulima wa kahawa aliyejenga mtambo wa kwanza nchini mwaka wa 1957 aliling'amua jambo hili. Alipoanza kuwauzia wengine mitambo, alitanguliza sifa za mbolea, na gesi akaifanya ziada.

Hata hivyo, tope likiachwa wazi juani, amonia hupotelea hewani. Lafaa lihifadhiwe katika shimo lenye kifuniko, kisha limwagwe mtaroni na kufukiwa udongo. Likirutubisha majani ya nepia, ng'ombe hushiba, na mtambo nao hupata chakula chake.

Kwa hivyo, daftari la mtambo lahitaji safu tatu: nishati iliyookolewa, mbolea isiyonunuliwa, na gharama za maji, kazi na matengenezo. Palipo na ng'ombe wawili au watatu wanaofugwa zizini na maji yaliyo karibu, safu mbili za kwanza zaweza kuishinda ya tatu. Mifugo inapochungwa mbali na maji kuchotwa bondeni, daftari hilohilo litamwonya mfugaji mapema, kabla hajakopa fedha za saruji.