Lupasi na Mafuta ya Damu

Mama wa Kakiika, pale Mbarara, akiambiwa na tabibu kwamba mafuta ya damu yake yamezidi, ni rahisi aanze kuishuku eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli ambao karamu ya Kinyankole haitimii bila ya huo. Na jirani yake Mkongomani wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, atayashuku mawese. Lakini kwa mwenye lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe, na ambayo katika kila wagonjwa kumi, tisa aghalabu ni wanawake, shutuma hiyo haina insafu.

Kwani maradhi yanapochachamaa, kimeng'enya kinachoyachambua mafuta katika kuta za mishipa hudhoofika, na pengine kinga hukishambulia chenyewe. Basi trigliseridi, aina moja ya mafuta ya damu, hupanda, na HDL, lehemu njema ambayo kazi yake ni kuikusanya lehemu iliyozagaa na kuirudisha inini, hupungua, hata kama mgonjwa hali ila ugali na maharage. Figo zikidhurika, protini ikavuja mkojoni, ini hujitahidi kuifidia, na katika jitihada hiyo huzidisha lehemu mbaya, LDL. Kisha prednisoloni, dawa ya namna ya homoni inayotuliza kinga, ambayo wengi wanadaiwa nayo uhai wao, ikimezwa kwa wingi na kwa muda mrefu huongeza mafuta yayo hayo.

Mwaka 1976 Murray Urowitz na wenziwe wa Toronto walionyesha kuwa vifo vya lupasi huja kwa mawimbi mawili: la awali la ukali wa maradhi na maambukizo, na la pili, baada ya miaka, la moyo. Mwaka 1997 Susan Manzi na wenziwe wa Pittsburgh wakakuta kwamba wanawake wenye lupasi wa umri wa miaka 35 hadi 44 walipatwa na shambulio la moyo zaidi ya mara 50 kuliko wenzao wasio nayo.

Kwa hiyo anayesafiri kutoka Nakivale hadi Hospitali ya Rufaa ya Mbarara asiridhike na cheti chenye jumla ya lehemu (kolesteroli) peke yake, maana jumla yaweza kusomeka salama hali HDL imeshuka na trigliseridi zimepanda. Aombe hesabu zote nne: jumla, LDL, HDL na trigliseridi. Hidroksiklorokwini, binamu wa ile klorokwini chungu ya malaria, hutuliza lupasi na hata mafuta huyashusha kidogo. Prednisoloni isikatwe ghafla, kwani tezi zilizokuwa zikitoa homoni ya namna hiyo huwa zimelala. Amma statini, dawa za kushusha lehemu, mwanamke anayetaraji kushika mimba amjulishe tabibu mapema, kwa kuwa aghalabu husimamishwa wakati wa ujauzito.