Dawa Mbili Zinapokutana Mwilini

Katika sura iliyotangulia ulijifunza safari ya chakula. Kinatafunwa mdomoni, kinalainishwa tumboni, na katika utumbo mwembamba kinafyonzwa na kuingia katika damu. Dawa unayoimeza hufuata njia hiyo hiyo. Kidonge hakijui mahali panapouma. Huyeyuka, huingia katika damu, na damu huipeleka dawa kila mahali: kichwani panapouma, na pia katika moyo, figo na ini, ambavyo havina maumivu yoyote.

Sasa fikiri jambo hili. Mtu amemeza dawa asubuhi. Adhuhuri anapewa dawa nyingine kwa maradhi mengine. Dawa ya kwanza bado imo mwilini. Je, dawa hizo mbili zitapita kimya kama wageni wasiojuana, au moja itaigusa nyingine?

Mara nyingi hupita salama. Lakini ziko dawa ambazo kila moja ni njema ikiwa peke yake, na zikikutana huleta madhara. Katika sura hii utaona jinsi hayo yanavyotokea, na namna ya kuyazuia kabla kidonge kipya hakijamezwa.

Kukutana tumboni

Tuanze na jaribio. Utahitaji misumari mitatu ya chuma yenye kutu, siki, majani ya chai na glasi tatu. Weka misumari katika glasi ya kwanza, mimina siki mpaka izame, kisha uiache kwa siku mbili. Siki itayeyusha sehemu ya chuma. Siku ya tatu chemsha chai ya rangi, yaani isiyo na maziwa, uiache ipoe. Mimina kiasi kilicho sawa katika glasi mbili zilizobaki. Katika moja tia kijiko kimoja cha siki safi. Katika nyingine tia kijiko kimoja cha siki iliyokaa na misumari. Koroga, ngoja dakika chache, kisha tazama. Usionje.

Umeona nini? Chai iliyotiwa siki safi imebaki na rangi ya chai, pengine imepauka kidogo. Chai iliyotiwa siki ya misumari imekuwa nyeusi kama wino. Zamani watu walitengeneza wino kwa njia inayofanana na hii. Ndani ya chai mna kemikali iitwayo tanini. Tanini imeshikamana na chuma, na vitu hivyo viwili vimefanya kitu cha tatu ambacho hapo kwanza hakikuwamo katika glasi yoyote.

Jambo kama hilo hutokea tumboni mwa mama mjamzito anayemeza vidonge vya kuongeza damu kwa chai. Vidonge hivyo vina madini ya chuma. Chuma kilichoshikwa na tanini hakipiti kwa urahisi katika ukuta wa utumbo, bali hutoka pamoja na choo. Mama amemeza dawa yake kila siku kama alivyoagizwa kliniki, na bado damu yake haiongezeki inavyotakiwa. Afadhali ameze kwa maji, na chai ainywe saa moja au mbili baadaye.

Chuma hicho hicho huweza kushikamana na dawa nyingine. Tetrasaiklini na siprofloksasini ni dawa za kuua bakteria. Zikikutana tumboni na vidonge vya chuma, au na maziwa, au na dawa za kupunguza tindikali tumboni, hushikwa na madini yaliyomo humo. Dawa kidogo tu huingia katika damu, na bakteria hubaki hai.

Je, maziwa huharibu kila dawa? Sivyo. Watu wengi husema kwamba maziwa huua dawa, lakini mtu akikuambia hivyo mwulize: dawa ipi? Dawa mseto ya malaria, yenye artemetha na lumefantrini, hufanya kazi vizuri zaidi inapomezwa pamoja na chakula chenye mafuta au kwa maziwa, kwa sababu mafuta huisaidia lumefantrini kuingia katika damu. Basi maziwa ni adui wa dawa moja na rafiki wa nyingine. Haiwezekani kukisia, sharti kuuliza.

Kukutana katika ini

Dawa ikiisha kuingia katika damu haikai humo milele. Ini, lililo upande wa kulia chini ya mbavu, huishughulikia. Ndani ya ini mna vimeng'enya vinavyoivunja dawa vipande vipande, na figo huyachuja mabaki na kuyatoa kwa mkojo. Bila shaka umewahi kuona bahasha ndogo ya vidonge iliyoandikwa 1 x 3. Maana yake ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Muda huo haukuchaguliwa ovyo. Wataalamu walipima jinsi mwili unavyoiondoa dawa hiyo, wakajua ni lini inapungua katika damu na kuhitaji kuongezwa.

Lakini hesabu hiyo huharibika ikiwa dawa nyingine itabadili mwendo wa kazi ya ini.

Chukua mfano wa rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Ni dawa yenye nguvu, nayo imeokoa maisha ya watu wengi sana. Mgonjwa anayeimeza huona mkojo wake umegeuka rangi ya machungwa, na hilo halina madhara. Jambo lisiloonekana kwa macho ni kwamba rifampisini hulifanya ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi. Vimeng'enya hivyo havichagui. Huvunja kwa haraka hata dawa nyingine ambazo mgonjwa anazitumia. Vidonge vya uzazi wa mpango huweza kushindwa kuzuia mimba. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI huweza kupungua katika damu hata virusi vikapata nafasi ya kuongezeka na kuwa sugu.

Madaktari wanaijua tabia hiyo ya rifampisini. Kwa hiyo mgonjwa anayetumia dolutegraviri, ambayo kwa kawaida humezwa mara moja kwa siku, akianza rifampisini huagizwa kuimeza mara mbili, kila baada ya saa 12. Hapo dawa zote mbili hufanya kazi. Lakini daktari atawezaje kuongeza kipimo ikiwa hajaambiwa kwamba mgonjwa anatumia dawa nyingine? Pengine mgonjwa anaona haya. Pengine anadhani kwamba kliniki moja hupashana habari na kliniki nyingine. Mara nyingi hazipashani.

Hata baada ya rifampisini kwisha, ini huchukua muda wa kama wiki mbili kurudia hali yake ya kawaida. Basi dawa uliyoimaliza juzi nayo inafaa kutajwa.

Yaliyotokea Japani mwaka 1993

Rifampisini huharakisha kazi ya ini. Ziko dawa nyingine ambazo huizuia, na hizo huweza kuwa za hatari zaidi.

Septemba 1993 dawa mpya iitwayo sorivudini ilianza kuuzwa nchini Japani. Ilitibu mkanda wa jeshi, ugonjwa wa virusi unaotoa malengelenge yenye maumivu makali. Katika muda wa wiki chache watu 15 waliopewa dawa hiyo walifariki dunia. Uchunguzi ulionyesha kwamba walikuwa wakitumia pia dawa za saratani za jamii ya fluorourasili.

Fluorourasili huua chembe za saratani, lakini ikizidi huua pia chembe zilizo nzima, hasa zile za uboho ndani ya mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Kwa kawaida kimeng'enya kimoja cha ini huivunja kila siku na kuifanya isizidi. Sorivudini ilipofika katika utumbo, bakteria wa utumbo waliibadili kuwa kemikali nyingine, na kemikali hiyo ilikilemaza kile kimeng'enya. Dawa ya saratani ikajaa katika damu kama maji katika pipa lililozibwa tundu la kutokea. Kipimo kilekile kilichokuwa kikiwatibu kikawa sumu.

Zingatia jambo moja zaidi. Katika miaka ile ilikuwa kawaida nchini Japani kumficha mgonjwa wa saratani jina la ugonjwa wake, ili asivunjike moyo. Mtu asiyejua kwamba anameza dawa ya saratani hawezi kumwambia daktari wa pili habari hiyo. Sorivudini iliondolewa sokoni.

Majina mawili, dawa moja

Mara nyingine hatari haimo tumboni wala katika ini, bali katika maandishi ya paketi. Tuseme mjomba wako ana mafua na kichwa kinamwuma. Anameza parasetamoli. Baadaye ananunua dawa ya mafua yenye jina kubwa la rangi nyekundu. Soma maandishi madogo yaliyo chini ya jina hilo: huenda ukakuta parasetamoli humo pia. Mjomba anadhani ametumia dawa mbili, kumbe ametumia moja mara mbili. Mtu mzima asizidishe gramu 4 za parasetamoli kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mtoto hupewa kidogo zaidi, kwa kadiri ya uzito wake. Ikizidi huliharibu ini, na ubaya wake ni kwamba siku ya kwanza mtu huweza asihisi kitu.

Sasa mfikirie bibi mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao watu huuita presha. Anatumia dawa zake bila kukosa. Magoti yanamwuma, naye anatuma mtoto dukani amnunulie diklofenaki. Maumivu yanatulia. Lakini diklofenaki hufanya figo zizuie chumvi na maji mwilini, na huzipunguzia nguvu dawa nyingi za presha. Shinikizo linapanda tena, na figo zake hupata taabu. Bibi hatahisi lolote mpaka siku atakapopimwa. Vivyo hivyo mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, akimeza asprini bila ruhusa, huweza kutokwa na damu isiyokoma kwa urahisi.

Na dawa za miti shamba je? Mizizi, magome na majani yana kemikali, na ini huzishughulikia kwa vimeng'enya vyake kama linavyozishughulikia kemikali za kidonge. Kwinini yenyewe ilipatikana kwanza katika gome la mti. Kwa hiyo anayesema "nimekunywa mizizi tu, si dawa" amekosea. Naye azitaje.

Kabla ya kumeza dawa mpya

Mara ngapi umetumwa dukani kununua dawa? Mara ngapi umeombwa usome maandishi ya paketi kwa sababu herufi ni ndogo na macho ya mzee hayaoni? Basi kazi hii inakuhusu.

Mtu wa nyumbani kwenu anapokwenda zahanati au hospitali, msaidie kukusanya dawa zote anazotumia: vidonge, dawa za maji, za kunusa, za miti shamba, na zile alizonunua mwenyewe. Azitie katika mfuko mmoja aende nazo. Paketi ni bora kuliko maelezo, kwa sababu "kidonge cheupe cha mviringo" ni jina la dawa nyingi mno. Kama paketi imetupwa, andika jina la dawa na kipimo chake katika karatasi.

Mganga anapotoa dawa mpya, na tena mfamasia anapoikabidhi dirishani, mgonjwa aulize: je, dawa hii inapatana na hizi nilizo nazo? Nimeze kabla ya chakula au baada yake, kwa maji au kwa maziwa? Kuna kitu gani nisile wala nisinywe? Mjamzito na mama anayenyonyesha waseme hivyo, hata kama wanadhani wameonekana. Kwa mfano, mjamzito anayetumia kotrimoksazoli hapewi vidonge vya SP vya kukinga malaria, kwa sababu zote mbili zina dawa za jamii ya salfa. Kuuliza si utovu wa adabu. Foleni ikiwa ndefu, uliza hata hivyo.

Usiache dawa uliyoagizwa kwa sababu ya hofu uliyoipata katika sura hii. Mgonjwa wa kifua kikuu anayekatiza dawa zake hujiletea hatari kubwa. Mwenye wasiwasi arudi kwa mganga, na mganga atabadili kipimo, saa, au dawa yenyewe. Mtu akimeza dawa mpya kisha akatokwa na upele, macho yakawa ya manjano, akapata choo cheusi kama lami au kupumua kwa shida, apelekwe kituo cha afya mara moja pamoja na paketi zote.

Maswali

1. Katika jaribio la chai, kwa nini tulitia siki safi katika glasi moja badala ya kuiacha bila kitu?

2. Mtu mzima amemeza vidonge 2 vya parasetamoli vya miligramu 500, mara 4 kwa siku. Siku hiyo hiyo amekunywa dawa ya mafua mara 3, na kila mara ilikuwa na parasetamoli miligramu 500. Amezidisha kiasi kinachoruhusiwa kwa miligramu ngapi?

3. Rifampisini na sorivudini zote mbili hubadili kazi ya ini. Eleza tofauti zao.

4. Kwa ruhusa ya wazazi wako, soma paketi za dawa zilizo nyumbani kwenu. Andika katika daftari jina lililoandikwa kwa herufi kubwa na jina la dawa iliyomo ndani. Je, umekuta paketi mbili zenye dawa moja? Mwonyeshe mwenye dawa.