Maumivu ya fungate si jini mahaba

Siku ya tatu ya fungate somo anabisha hodi, anaketi ukingoni mwa kitanda na kuuliza kwa sauti ya chini: “Haya, mwari wangu, vipi?” Bi harusi anainamisha kichwa. Tangu usiku wa kwanza wamejaribu, wameshindwa. Mume akisogea tu, mapaja yanajibana, pumzi inakatika, na maumivu yanamtoa machozi. Ikifika siku ya saba wakubwa wameshatoa hukumu: binti ana jini mahaba, au kijana kafungwa. Safari za kwa mganga zinaanza.

Jambo hili lipo katika nyumba nyingi kuliko tunavyokubali kusema, nalo linatibika. Chini ya nyonga kuna misuli inayoshikilia kibofu, uke na njia ya haja kubwa, ile ile tunayoikaza tukibana mkojo. Kwa baadhi ya wanawake misuli hiyo hukaza yenyewe uke unapoguswa, kama kope linavyofumba kidole kikikaribia jicho. Mwenyewe hakuamua, wala hamkatai mumewe. Madaktari wanaiita vajinismasi, jina lililotolewa miaka ya 1860 na daktari wa Marekani, J. Marion Sims. Dawa yake yeye ilikuwa kisu. Tiba ya leo haianzi na kisu.

Hofu ina sehemu kubwa hapa, na hofu hiyo tunaipanda wenyewe. Binti analelewa akiambiwa kwamba siku ile ataumia na kutoka damu, kisha anatandikiwa kisarawanda, kitambaa cheupe kinachosubiriwa na ukoo mzima kionyeshe damu hiyo. Ukweli ni kwamba wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza, na kizinda hakithibitishi ubikira wa mtu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wowote wa kitabibu.

Zipo sababu nyingine pia: fangasi, kovu la ukeketaji, ukavu unaoletwa na papara, na ile shabu wanayopewa wari ili “wabane”. Shabu hukausha na kuchubua. Kumpa bi harusi ni kumtafutia kidonda. Na bwana harusi naye, akijua kuna watu wanasubiri habari nje ya mlango, nguvu zinaweza kumwishia palepale. Hakurogwa. Ana wasiwasi.

Ushauri mbaya kuliko wote ni ule wa “vumilia tu, utazoea”. Hazoei. Kila jaribio la maumivu linaufundisha mwili kukaza mapema zaidi, mpaka hata kukumbatiwa kunamtia hofu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimamisha majaribio, kwa makubaliano ya wote wawili, huku mapenzi mengine yakiendelea: kushikana, kupapasana, kulala kifuani.

Kisha waende pamoja kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Mke ana haki ya kuomba daktari mwanamke, na ya kusema “basi” wakati wowote wa kupimwa. Kama kuna maambukizi au kovu, hilo litatibiwa kwanza. Kama ni misuli, atafundishwa kuvuta pumzi na kuilegeza, halafu kuingiza kidole chake mwenyewe taratibu, kisha vifaa maalumu laini vinavyoongezeka ukubwa hatua kwa hatua. Mume anaingia mwishoni, na mke ndiye anayeongoza: yeye juu, yeye anayeamua kina na mwendo. Kilainishi cha maji kinasaidia. Wakitumia kondomu ya mpira, waepuke mafuta ya mgando, maana huidhoofisha mpaka ikapasuka. Kazi hii huchukua wiki, pengine miezi, na wengi hufanikiwa.

Enyi masomo na makungwi, ninyi ndio mnaoaminiwa kuliko daktari yeyote. Mfundisheni mwari mwili wake kabla ya kumfundisha kumpendeza mume. Acheni kuuliza habari za usiku, na kisarawanda kikunjeni mkiweke. Nawe mume, mkeo akilia kwa maumivu, acha hapo hapo, mfunike shuka, na asubuhi mtafute hospitali pamoja.