Ulinzi wa Watenda Kazi Wasio na Bwana



Mafundisho ya Eklezia juu ya haki ya mtenda kazi tunayajua tangu Seminari Kubwa. Papa Leo XIII aliyaeleza katika barua Rerum Novarum, mwaka 1891. Papa Yoane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alionyesha kwamba haki hiyo haiishi katika feza za mshahara: matunzo ya ugonjwa, msaada wa ajali na pensheni ya uzee vimo pia.

Lakini tukishuka Kilibula, hapa Uvira, ni nani anayeipata haki hiyo? Mvuvi wa ndagala, mama mwenye kuuza mihogo kando ya barabara, mbeba mizigo wa bandari ya Kalundu, kijana wa teksi-moto: wote wanatoka jasho, wala hawana bwana wa kuwaandika kitabuni.

Sheria inasema nini? Kasha la ulinzi wa watenda kazi katika Congo lilianzishwa mwaka 1961, kwa jina la INSS. Sheria ya 15 Julai 2016 ilitengeneza kazi yake upya, na leo linaitwa CNSS. Kwa kila franka 100 za mshahara, bwana wa kazi analipa 13, mtenda kazi 5. Katika hizo 18, franka 10 ni za pensheni, 6 na nusu za malezi ya watoto, 1 na nusu za ajali na magonjwa ya kazi. Basi msingi wa kasha ni mshahara na bwana. Asiye na bwana, nani atamlipia zile 13? Kwa hiyo mvuvi akizama usiku, mjane wake hana mlango wa kubisha. Na mto Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, mchuuzi aliyepoteza mtaji wake aliweza kungojea huruma tu. Huruma ni njema, lakini haichukui pahali pa haki.

Watu wetu hawakukaa bure. Wana likelemba: watu kumi wanatoa kila juma, na kila mmoja anakula kwa zamu yake. Likelemba inafaa kwa kununua wavu au kulipa masomo. Lakini ugonjwa haungojei zamu. Tena kila mtu anarudishiwa kile alichotoa, wala hazidishiwi kwa sababu ya msiba.

Mutueli ya afya ni kitu kingine. Wengi wanatoa kidogo, na feza zinamfuata yule aliyepatwa. Sheria ya 8 Februari 2017 inazitambua mutueli. Lakini wakiingia wagonjwa peke yao, kasha litakufa upesi. Ndiyo maana jamaa nzima iandikwe, wazima pamoja na wagonjwa. Tena wakati wa kutoa uchaguliwe vema. Kule Bwamanda, kaskazini-magharibi ya Congo, bima ya hospitali iliyoanza mwaka 1986 ilikusanya feza mara moja kwa mwaka, wakulima walipouza mavuno. Kwetu mavuno yanafuata mwezi: siku za mbalamwezi taa hazivuti ndagala, na mvuvi anakaa pwani mikono mitupu. Basi atoe wakati wa usiku wa giza, samaki wanapopatikana.

Sisi je, tufanye nini?

Kwanza, tuanze nyumbani kwetu. Mlinzi, mpishi na fundi wa parokia wana bwana, na bwana huyo ni sisi. Tuwaandike CNSS, la sivyo mahubiri yetu juu ya haki yatakuwa kelele tu.

Pili, tumkumbuke katekista. Wengi wametumikia miaka mingi bila mshahara. Nguvu zikiisha, asikute kwamba shukrani ya parokia ni makofi ya siku moja. Kila parokia ione namna ya kumlipia mutueli yeye na jamaa yake.

Tatu, tusifanye mutueli kuwa kisingizio cha leta. Feza za maskini peke yake haziwezi kubeba uzee na ajali za mji mzima. Tuwafundishe waamini kudai kwa amani kile kilicho chao.

Mitume, waliposikia manung'uniko ya wajane waliosahauliwa, hawakuwaambia wavumilie. Waliwaambia waamini wachague watu saba, wakaweka utaratibu. Wajane wa Kilibula nao wanangojea utaratibu.