Je, Wajua? Kioo Cheusi Hakimaanishi Kioo Kibovu

Umenunua laptop iliyotumika Kariakoo, ukaiwekea Linux, ikawaka na kuishia kioo cheusi? Usikimbilie kununua kioo kipya. Mara nyingi kinachosumbua ni draiva ya picha.

• Nembo ya mtengenezaji ikionekana unapowasha, kioo ni kizima.

• Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Maandishi yakitokea, mfumo uko hai. Kilichokwama ni upande wa picha tu.

• Kwenye menyu ya GRUB, inayotokea kabla Linux haijawaka, bonyeza herufi e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha bonyeza F10. Badiliko hili ni la kuwasha mara moja tu, likupe nafasi ya kuweka draiva sahihi.

• Amri lspci -k huonyesha draiva inayotumika. Za Intel na AMD huja ndani ya Linux yenyewe; kadi za NVIDIA mara nyingi huhitaji draiva ya kampuni hiyo.

Programu huria kama Linux si ngeni jijini Dar es Salaam: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.