Onyo Linalonyamazia Nusu ya Sheria

Aliyewahi kutazama filamu ya Marekani kwenye kanda au dividii anayafahamu maandishi yanayoitangulia: kunakili bila idhini ni jinai inayochunguzwa na FBI, na adhabu yaweza kufika miaka 5 gerezani na faini ya dola 250,000. Katika dividii nyingi, kitufe cha kuruka mbele hukataa kufanya kazi mpaka maandishi hayo yaishe. Makala haya yanashikilia kwamba onyo hilo halidanganyi, ila limeacha nusu ya sheria.

Tuanze na adhabu. Huko Marekani, kifungo cha miaka 5 kwa kosa la kwanza humlenga aliyekusudia kuvunja sheria ili apate faida, akatoa au kusambaza angalau nakala 10 zenye thamani ya zaidi ya dola 2,500 katika siku 180. Huyo ni mchuuzi wa nakala haramu. Onyo, hata hivyo, humkabili kila aliyeketi mbele ya runinga kana kwamba ni mshukiwa.

Lililo zito zaidi ni lile lisilotajwa. Kifungu cha 107 cha Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 humruhusu mtu kutumia kazi ya mwingine bila kuomba idhini kwa ajili ya uhakiki, habari, ufundishaji au utafiti, ingawa kila tukio hupimwa kivyake: kusudi la matumizi, aina ya kazi, kiasi kilichochukuliwa na athari yake sokoni. Mnamo Agosti 2007, CCIA, chama cha kampuni za kompyuta na mawasiliano, kililalamika mbele ya tume ya biashara ya nchi hiyo kwamba NBC Universal, DreamWorks na Morgan Creek, miongoni mwa wengine, walikuwa wakiwapotosha wanunuzi kwa maonyo kama haya. Tume haikuwachukulia hatua.

Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo iliwaachia watafiti na wahakiki nafasi, mradi chanzo kitajwe. Ni kweli kwamba wasanii wa Riverwood wamepokonywa jasho lao na wanaonakili sidii vichochoroni, na hao wanastahili kuonywa. Lakini katika semina moja niliyohudhuria, mwenzetu aliyekuwa akilinganisha tamthilia na filamu yake aliisimulia filamu nzima kwa mdomo, asithubutu kutuonyesha hata dakika 2. Tulipomuuliza sababu, alitaja FBI.