Mtoto akichelewa kuzungumza, usisubiri

"Atazungumza tu, hata babake alichelewa." Wazazi wengi wa Kaunti ya Kilifi huambiwa hivyo mtoto anapofikisha miaka miwili bila kutamka neno. Nia ni njema, lakini miaka ya kwanza ndiyo mtoto hujifunza lugha kwa wepesi zaidi. Akikosa usaidizi wakati huo, huenda akataabika hadi darasani.

Kwa kawaida, mtoto wa mwaka mmoja huanza kutamka neno moja moja. Akifikisha miaka miwili huunganisha mawili: "Mama, maji." Asipofanya hivyo, au akiacha maneno aliyokwisha kuyajua, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu pamoja na kijitabu chake cha kliniki.

Hatua ya kwanza ni kupimwa masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga sauti. Masikio yanayotoa usaha hupunguza usikivu, na yanatibika. Sababu nyingine ni usonji, mtindio wa ubongo na kaakaa lililopasuka. Malaria pia imo: utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa baadhi ya watoto waliougua malaria kali hubaki na matatizo ya lugha. Kumkata mtoto kimio hakumfanyi aongee. Kunaweza kumsababishia kuvuja damu na maambukizi.

Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache nchini. Mtaalamu humpima mtoto na kumwonyesha mlezi mazoezi, kisha kazi kubwa hufanyika nyumbani. Katika mradi mmoja wa mashambani Kilifi, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2014, walezi walifundishwa nyumbani kwao kuwasiliana na watoto wao kwa ishara, picha na vitu vya kawaida.

Mzazi anaweza kuanza leo. Mtazame mtoto usoni unapozungumza naye. Taja vitu anavyovishika. Mpe nafasi ya kuchagua: "Wataka maji au uji?" Kisha ngoja ajibu, hata kwa kuonyesha kidole. Usimcheke wala kumlazimisha. Usiache kuzungumza naye Kigiriama ukiwa nacho; kukua na lugha mbili si ugonjwa.

Aliye na umri wa kwenda shule apelekwe pia kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ili ashauriwe kuhusu masomo yanayomfaa.